ABEBE BAADA YA UTEPE: Uhakiki wa filamu ya Atletu

Ndugu msomaji, chukua hadithi yoyote ya mkimbiaji uliyowahi kusimuliwa shuleni au kijiweni, halafu tazama inaishia wapi. Itaishia kwenye utepe. Kijana maskini anatoka kijijini, anakimbia, anawaacha wazungu nyuma, bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unapigwa, basi. Msimulizi anakunja jamvi lake. Hakuna anayeuliza yule kijana aliamkaje miaka kumi baadaye, bendera imeshateremshwa, goti limevimba, na watu bado wanamwita kwa jina ambalo mwili wake hauwezi tena kulibeba.

Nimeichagua filamu ya Atletu kwa sababu inathubutu kutandika jamvi pale ambapo wengine wanalikunja. Ilitoka mwaka 2009. Waongozaji wake ni Davey Frankel na Rasselas Lakew, na huyo Rasselas ndiye aliyeigiza nafasi ya Abebe Bikila, mkimbiaji wa marathoni wa Ethiopia. Atletu kwa Kiamhari maana yake ni mwanariadha.

Najua wapo watakaoniuliza: gazeti letu ni la hadithi na mashairi, sinema imeingiaje? Imeingia kwa sababu sinema nayo ina mhusika, ina mgogoro, ina muundo, na makosa yake ni yale yale tunayoyafanya sisi tunaohangaika na miswada yetu usiku. Tena swali linaloulizwa humo ni swali ambalo fasihi yetu inalipita mbio mbio: mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa miguu, miguu ikikataa, anabaki kuwa nani?

KISA CHENYEWE

Kwa asiyemjua Abebe, nimweleze kwa ufupi. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932, akaja kuwa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Kocha wake alikuwa Msweden, Onni Niskanen. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, alikimbia marathoni ya Olimpiki pekupeku. Mbio zilianza jioni zikaishia gizani, naye akafika wa kwanza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa muda mfupi kuliko huo. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, na aliipata katika mji mkuu wa nchi ambayo majeshi yake yaliivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuikalia hadi 1941. Hebu fikiria utamu wake!

Miaka minne baadaye, Tokyo 1964, alikimbia wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kutwaa marathoni ya Olimpiki mara mbili. Alipofika hakuanguka wala kuomba maji. Alianza kunyoosha viungo uwanjani kama mtu aliyetoka kutembea shambani.

Kisha mambo yakageuka. Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, alianza mbio mguu ukiwa mbovu, na karibu na kilometa ya 17 akatoka. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeipelekea Ethiopia dhahabu siku hiyo. Haukupita mwaka. Machi 1969 gari lake dogo la Volkswagen lilipata ajali akiwa kaskazini mwa Addis Ababa, uti wa mgongo ukaumia, akapooza. Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville. Mikono ilirudi. Miguu haikurudi.

Mwaka 1970 alishiriki michezo ya watu wa viti vya magurudumu huko huko Stoke Mandeville, akalenga mishale na kucheza mpira wa meza. Mwaka 1971 alikwenda Norway akashinda mbio za sleji, yaani kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Mwaka 1972 alialikwa mgeni wa heshima katika Olimpiki ya Munich, watu wakasimama kumshangilia akiwa kwenye kiti chake. Tarehe 25 Oktoba 1973 akafariki. Alikuwa na miaka 41.

DHAMIRA: JINA BILA MIGUU

Wengi wakisikia kisa hiki wanasema dhamira yake ni ujasiri. Sikatai. Lakini ujasiri ni neno jepesi, linabandikwa kwa kila mgonjwa asiyelia mbele ya wageni. Naona dhamira kuu ya Atletu ni utambulisho, na mgogoro mkubwa humo ni wa nafsi: Abebe mwenyewe dhidi ya yule Abebe ambaye watu wanamtaka.

Waongozaji wamefanya jambo moja la akili. Hawakuanza na ajali. Wanatuonyesha kwanza Abebe akiwa bado mzima, anaendesha gari katika barabara za mashambani, akili yake inarudi Roma na Tokyo. Kwa nini hili ni jambo la akili? Kwa sababu mtu huyu anayeendesha gari ameshatoka Mexico. Miguu ilishamkataa mara moja mbele ya dunia nzima. Ana miguu miwili iliyo salama machoni pa watu, lakini ndani ameshaanza kuulizwa swali. Ajali inapokuja hailileti swali, inalifunga tu mlango lisiweze kukimbiwa.

Hapa nataka tutoke Ethiopia kidogo twende Newala, kwani huku kwetu kwenye nyanda za juu za Wamakonde kuna kitu kinachonisaidia kuielewa filamu hii kuliko vitabu. Mtoto anayetoka jandoni hupewa jina jipya. Lile la utotoni linaachwa huko huko porini, na ukimwita kwalo ukubwani umemtukana. Wazee walijua kwamba mtu hawezi kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine kimya kimya. Anatengwa kwanza. Anauguza kidonda. Anafundwa. Halafu anarudi nyumbani kwa ngoma, kila mmoja anajua kwamba yule aliyekwenda siye aliyerudi.

Sasa mwanariadha aliyevunjika naye amevuka. Mwili wake siyo ule, siku yake siyo ile, hata wanaomsalimu wanamsalimu kwa sauti nyingine. Lakini hana jando. Hakuna anayemfunda, hakuna anayempa jina jipya. Anabaki na la zamani, Bingwa, na kila likiitwa linamkumbusha alichokipoteza. Watu wanadhani wanamheshimu. Kumbe wanamwita kwa jina la utotoni.

Ukiitazama Atletu kwa jicho hilo, sehemu ya hospitali inakuwa na maana nyingine kabisa. Ametengwa, yuko mbali na kwao, amezungukwa na watu wenye kidonda kama chake. Anafundishwa upya mambo madogo ambayo mtoto anayajua. Stoke Mandeville haikuwa hospitali ya kawaida. Daktari Ludwig Guttmann, aliyeanzisha pale huduma ya watu walioumia uti wa mgongo, aliamini kwamba mgonjwa wa namna hiyo asilazwe kungoja kufa. Acheze, ashindane, atoke jasho. Mwaka 1948 akaanzisha michezo pale pale hospitalini, na michezo hiyo ndiyo iliyokua hadi ikawa Paralimpiki. Lile lilikuwa jando, bwana. Tofauti ni kwamba walioko nje hawakujua kuwa ni jando. Walimngoja atoke na jina lile lile.

Yapo maneno ya Abebe yanayonukuliwa kila mahali. Inasemekana alisema kwamba kushinda kwake Olimpiki kulikuwa ni mapenzi ya Mungu, na ajali nayo ni mapenzi ya Mungu, hivyo anaipokea ajali kama alivyoupokea ushindi. Ni maneno mazito, sina haki ya kuyadharau. Kwetu tuna yanayofanana nayo, tunayasema kila msibani: kazi ya Mungu haina makosa. Lakini wewe na mimi tunajua maneno hayo yanasemwa saa ngapi. Yanasemwa wageni wakiwepo. Baada ya arobaini, turubai likishafunguliwa, mfiwa anabaki na ukuta wake, na hapo maneno yale inabidi ayatafute upya kila usiku.

Mwandishi wa habari ana haki ya kuyaandika maneno ya Abebe akaondoka. Mwandishi wa hadithi hana haki hiyo. Kazi yake ni kuuliza: maneno haya aliyafikia usiku wa ngapi? Kabla hajayafikia alisema nini? Na asubuhi yake yalikuwa bado yapo? Nguvu ya Atletu ni kwamba inakaa na Abebe katika baadhi ya masaa hayo, anapokuwa mkali, anapokuwa kimya, anapokuwa si mfano mzuri kwa mtu yeyote. Mhusika akipewa nafasi ya kutokuwa mfano mzuri, ndipo anapoanza kuwa mtu.

FANI: MIILI MIWILI

Kwa upande wa muundo, filamu inatumia mbinu rejeshi, na hilo halina ajabu, kila mwanafunzi wa fasihi anaijua. Cha ajabu ni vitu vinavyorejeshwa. Waongozaji wamechanganya picha halisi zilizopigwa siku zenyewe za Olimpiki na sehemu walizoziigiza wao miongo minne na zaidi baadaye.

Tazama matokeo yake. Abebe anaposhinda, tunamwona Abebe wa kweli, miguu yake ya kweli, ule uso wake mtulivu ambao hautoi siri. Abebe anapolala kitandani, tunamwona Rasselas Lakew. Mwenye miguu ni mtu mmoja na asiye na miguu ni mtu mwingine! Mtu anaweza kudhani ni ukosefu wa pesa, kwamba kuzitengeneza upya mbio za Roma na Tokyo kungewafilisi. Labda. Lakini hata kama ni pesa, sanaa imefaidika. Kwani ndivyo hasa anavyojiona mtu aliyevunjika: yule wa zamani anamtazama kama anavyotazama sinema ya mtu mwingine. Anamjua jina, anazijua siku zake zote, lakini hawezi kuingia ndani yake tena.

Jambo hili sisi wa kalamu tunaweza kulijifunza bila kamera. Mwandishi anaweza kuandika sehemu za zamani kwa lugha moja, fupi, yenye mwendo, na sehemu za sasa kwa lugha nyingine inayojikongoja. Hahitaji kumwambia msomaji kwamba mhusika amegawanyika. Msomaji atalisikia lenyewe sikioni.

Mandhari nayo yametumika vizuri. Vumbi la Ethiopia, weupe wa hospitali, kisha weupe wa theluji. Mtu aliyejulikana kwa kukanyaga ardhi kwa nyayo tupu anaishia mahali ambapo ardhi haionekani kabisa. Waongozaji hawakulisemea hilo. Wameliacha tulione.

WA KWETU: JOHN STEPHEN AKHWARI

Siwezi kumaliza bila kurudi Mexico, kwa sababu katika mbio zile zile ambazo Abebe alitoka kwenye kilometa ya 17, alikuwamo Mtanzania. John Stephen Akhwari, kijana wa Mbulu, alianguka njiani akaumia goti vibaya. Hakutoka. Alifungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani giza limeshatanda, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Mamo Wolde alikuwa amemaliza zaidi ya saa nzima kabla yake. Walioanza walikuwa 75, hivyo 18 hawakumaliza, na mmojawao ni Abebe.

Maneno ya Akhwari kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza yanajulikana duniani kote, na wazungumzaji wa semina wanayapenda mno. Lakini hapa ndipo uhakiki unapoanza. Muulize kijana yeyote wa mjini Akhwari alifanya nini baada ya jioni ile. Atakukodolea macho. Wachache sana watakwambia kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni akashika nafasi ya tano. Wa tano, jamani! Miezi ishirini na kitu tu baada ya lile goti. Kwangu mimi hii ni hadithi kubwa kuliko ya Mexico, maana ndani yake kuna mazoezi ya peke yake, kuna kuogopa kukanyaga, kuna goti linalolia kila kunapopambazuka. Haisimuliwi kwa sababu haina bandeji inayoonekana. Tumempenda aliyejeruhiwa, tukamsahau mkimbiaji. Tumemgandisha Akhwari pale mlangoni mwa uwanja, anachechemea milele, ili sisi tupate mawaidha.

Ukiwaweka hao wawili pamoja unaona kitu. Abebe alilazimishwa kubaki mshindi. Akhwari alilazimishwa kubaki majeruhi. Mmoja hakuruhusiwa kupooza, mwingine hakuruhusiwa kupona. Na aliyewafanyia hivyo ni sisi wasimulizi.

KUFAULU NA KUTOFAULU

Waongozaji wa Atletu wamefaulu katika mambo ambayo nimeshayataja: kuanzia mahali panapostahili, kumwacha mhusika awe mkali, na kuitumia ile tofauti ya miili miwili. Wamefaulu pia kutomfanya Abebe ombaomba wa huruma. Katika hadithi zetu nyingi mlemavu ana kazi mbili tu. Ama ni laana iliyoiangukia familia kwa dhambi ya mtu, ama ni funzo kwa wazima ili washukuru Mungu. Abebe wa filamu hii hafanyi kazi yoyote kati ya hizo, na hilo peke yake linatosha kuifanya itazamwe.

Lakini sehemu moja nadhani wameteleza, nayo ni kubwa. Filamu inauchukua ushindi wa Norway kuwa kilele chake. Baada ya giza lote lile, tunapelekwa kwenye theluji, Abebe anashindana, roho zetu zinatulia. Mshindi amekuwa mshindi tena. Utepe umerudi!

Mtu atanijibu: lakini si ni kweli? Si alishinda kweli mwaka 1971? Ni kweli tupu, na hakuna anayedai waifute historia. Ninachouliza ni mahali ilipowekwa. Tukio la kweli likiwekwa mwisho linakuwa jibu. Likiwekwa katikati linabaki tukio. Swali la filamu lilikuwa: Abebe ni nani bila kushinda? Jibu linalotolewa na theluji ni kwamba hana haja ya kujua, kwani ameshinda tena. Hilo si jibu, ni kulikwepa swali kwa ufundi. Je, angeshika nafasi ya kumi na nne Norway, asingekuwa mtu? Wale wengine waliokuwa naye wodini, ambao hawakuwahi kushinda chochote kabla wala baada, wao hadithi yao inaishia wapi?

Abebe aliishi zaidi ya miaka miwili baada ya theluji ile. Siku zile ndizo ninazozililia. Kuna Munich 1972: amekaa kwenye kiti, uwanja umesimama kumpigia makofi, na katika mji huo huo Mamo Wolde anakimbia marathoni na kushika nafasi ya tatu. Abebe alikuwa anawaza nini mwenzake alipofika? Alifurahi? Alikereka? Vyote viwili kwa pamoja? Hapo ndipo palipo na riwaya. Vilevile ningependa kukaa zaidi nyumbani kwake. Tunaiona barabara, tunaiona hospitali, tunaiona theluji, lakini mke na watoto wanabaki pembeni. Mtu hajijui akiwa peke yake. Anajijua mlangoni kwake, siku ya kwanza mtoto anapomletea maji badala ya yeye kumchotea mtoto.

Ningekuwa mimi ndiye ninayeiandika, ningeanzia Roma, lakini si usiku wa tarehe 10 Septemba 1960. Ningeanzia tarehe 18. Siku nane baada ya Abebe kukimbia pekupeku katika mitaa ya Roma, mji ule ule ulifungua mashindano ya wanamichezo wa viti vya magurudumu, yanayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza, na aliyekuwa nyuma yake ni yule yule Daktari Guttmann. Dunia ilikuwa inamwimba mtu mwenye miguu miepesi kuliko wote, na katika mji ule ule, bila kelele nyingi, walikuwa wanajipanga watu ambao siku moja atakuwa mwenzao. Kitu kama hiki ukikitunga mwenyewe, mhariri atakwambia umezidisha. Kimetokea, na kinangoja mwandishi.

KWA WAANDISHI WENZANGU

Nimeandika haya yote kwa sababu tunao akina Abebe wetu na hatuwaandiki. Nenda Newala, nenda Masasi, nenda Mkunya siku ya gulio, au baki hapo hapo ulipo Temeke na Magomeni. Kila kata ina mtu wake aliyekuwa winga wa hatari, ndondo zote walikuwa wanamgombea, hadi siku mguu ulipoteguka ukakandwa vibaya ukaunga upande. Bado anaitwa kwa lile jina la uwanjani. Anakaa pembeni ya uwanja kila jioni, anawapigia kelele vijana wapige pasi. Msimu wa mabibo ukifika anakunywa uraka zaidi ya wenzake. Vijana wanamcheka. Hakuna aliyemuuliza daluga zake alimpa nani, na siku aliyozitoa alizitoa kwa mkono upi.

Nakuomba usimwandike kama funzo. Usimpe mwisho wa kuwa kocha wa timu ya taifa ili msomaji alale vizuri. Wala usimuue kwa pombe ukurasa wa mwisho ili msomaji alie, hiyo nayo ni njia ya mkato. Kaa naye katikati, pale ambapo hana jina.

Tena tunaye mwalimu wa kutufundisha hili, na hatoki mbali. Samaki Likankoa alikuwa mchongaji wa Kimakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, akifanya kazi Dar es Salaam. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 alikuwa anachonga sanamu ya binadamu, mkono ukakatika kwa bahati mbaya. Mpingo ni mti mgumu na wa ghali, na sanamu iliyovunjika haina mnunuzi. Angeweza kuutupa, au kuunga mkono na kuficha ufa. Badala yake aliendelea kuchonga kulekule ulikovunjika, akautoa kiumbe ambaye hakuwa binadamu wa kawaida, na mfanyabiashara Mohamed Peera akampa moyo aendelee hivyo hivyo. Hapo ndipo inapoelezwa ulipozaliwa mtindo wa mashetani, ambao umezunguka dunia nzima.

Angalia Samaki alichokifanya, maana Atletu ilikaribia kukifanya ikaogopa dakika za mwisho. Hakumrudishia binadamu yule mkono. Aliukubali ufa kuwa mwanzo wa umbo jingine, lisilokuwepo kabla. Abebe wa theluji amerudishiwa mkono wake. Mimi nilitaka kumwona yule mwingine, ambaye hakuna aliyewahi kumchonga.

Shaaban Robert alipoandika maisha yake alikiita kitabu Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Alijua kwamba hiyo "baada" inastahili sehemu yake yenyewe, isibanwe kwenye aya ya mwisho. Basi sisi tunaojiita wajukuu zake tuiandike hiyo "baada". Ukipata filamu ya Atletu itazame, kisha chukua daftari uende pembeni ya uwanja wa mtaani kwenu, umsalimu yule mzee wa winga, ukae naye mpaka giza liingie bila kumuuliza habari za magoli. Utakachorudi nacho kilete hapa gazetini, kikiwa kibichi hivyo hivyo, tukosoane.